Abdulwahab Alipokaa Kiti cha Mgeni

Abdulwahab wa Msambweni aliwahi kumwomba radhi mbuzi. Niliona kwa macho yangu, kwenye njia ya kwenda Galu, mbuzi amelala katikati ya njia anacheua. "Niwie radhi," Abdulwahab akamwambia, kisha akazunguka kupitia michongomani na shati lake jeupe la kazi. Mkewe Twaiba alikuwa akisimulia kwamba siku ya harusi yao alimwomba kadhi samahani kwa kuchelewa, na aliyechelewa alikuwa kadhi.

Mimi naitwa Jumwa. Kwa miaka kumi na moja mimi na Abdulwahab tulikuwa maweita katika hoteli moja ya Galu, na kwa kuwa amenizidi umri nilimwita Kaka. Tulikuwa vibarua. Msimu ukija tunaitwa, mvua zikianza tunaambiwa kwaherini. Kila Desemba ofisa wa wafanyakazi, Bwana Kitonga, alituahidi barua za ajira ya kudumu. "Ziko kwa taipu," alikuwa akisema. Huyo karani wa taipu nadhani alikuwa akipiga herufi moja kwa mwaka. Mimi nilikuwa nikienda kulalamika jikoni, mahali ambapo malalamiko hayamdhuru mtu. Abdulwahab alikuwa akijibu, "Ahsante sana bwana, samahani kwa usumbufu."

Kisha ukaja mwaka wa tisini na saba, vurugu zikazuka Likoni na wageni wakakimbia. Waliobaki wakafukuzwa na mvua za El Nino. Hoteli ikafungwa. Mimi nikashona nguo za watu. Abdulwahab akauza mihogo ya kukaanga nje ya nyumba yake, lakini biashara haikukaa, kwa sababu alimwongeza kila mnunuzi vipande viwili bila kuombwa, na anayerudi kusema muhogo ni mbichi alipewa mwingine pamoja na radhi. Watoto wake watano walikuwa wakila kilichobaki, na mara nyingi hakikubaki.

Katikati ya mwaka uliofuata tukapata habari. Hoteli ingefunguliwa Desemba, na kundi la kwanza lingekuwa la Wajerumani. Sisi maweita tulikuwa kumi, na waliotakiwa ni wanne. Mwezi wa Novemba meneja mpya, Mzungu, angekuja kutupima Kijerumani yeye mwenyewe. Twaiba alinifuata hadi nyumbani kuniambia, "Jumwa mamangu, mshike mkono kaka yako. Akikosa safari hii sijui tutakula nini."

Basi tukaenda kwa Mwalimu Kavindu. Alikuwa Mkamba wa Shimba Hills, mwalimu wa shule ya msingi, na Kijerumani alikipata kwa masista waliomsomesha. Alitufundisha Jumatano na Jumamosi alasiri katika chumba cha chekechea pale Ukunda, tumekalia viti vya watoto, magoti yamekaribia masikio. Na bahati yetu, nzuri au mbaya, ndiyo kwanza alikuwa ametoka semina mjini Kwale. Huko waliambiwa kwamba watu hawajifunzi kwa namna moja. Yuko anayejifunza kwa macho, yuko wa masikio, yuko wa mikono, na kila mmoja apewe zoezi linalomfaa. Mwalimu Kavindu alilishika jambo hilo kama mtu aliyeokoka juzi.

"Hakuna mwanafunzi mjinga," alitutangazia. "Kuna mwalimu aliyekosea njia."

Akatugawa. Wa macho walipewa picha alizochora kwenye maboksi ya sabuni: samaki, glasi, kuku ambaye wengine tulidhani ni birika. Wa masikio, nikiwemo mimi, tuliimba. Tuliimba orodha nzima ya vinywaji mpaka watoto wa jirani wakaishika, wakawa wanaagiza bia kwa Kijerumani huku wakiruka kamba. Wa mikono walipanga vijiko na sahani na kutaja jina la kila walichokishika. Ndani ya wiki sita kila mtu alikuwa na kitu kinywani, isipokuwa Abdulwahab.

Alijaribiwa kwa macho, akazisifu picha. Alijaribiwa kwa masikio, akasema sauti zetu ni nzuri sana mashallah. Alijaribiwa kwa mikono, akapanga meza ambayo mfalme angekaa, bila neno hata moja. Akipewa zoezi la kumpokea mgeni aliinama, akatabasamu, akavuta kiti, na mgeni mwenyewe angekuwa ameridhika kabisa. Maneno ya nini tena? Mwalimu Kavindu akawa anakunja uso. Semina haikumwambia afanye nini na mtu wa namna hii.

Katika mazoezi yetu mgeni alikuwa Masila, kwa kuwa ana tumbo linalofaa. Jumatano moja Masila hakuja. Mwalimu akatazama huku na huku, na aliyekuwa hana kazi ni Abdulwahab. "Kaa wewe, Bwana Abdulwahab. Usiseme kitu, kaa tu."

Akakiomba radhi kile kiti, akakaa. Nikaja na trei yangu, nikaimba salamu yangu vizuri, nikaweka bakuli lisilo na kitu mbele yake. Abdulwahab akalitazama. Kisha akaegemea nyuma, akakunja mguu juu ya mguu, na kwa Kijerumani kizito kilichotoka tumboni akasema: supu hii imepoa.

Trei iliniponyoka.

Hakunyamaza. Akasema amengoja nusu saa. Akasema hii siyo meza aliyoagiza. Akasema mwaka jana mambo hayakuwa hivi, na akauliza nani anasimamia mahali hapa. Mwalimu Kavindu alijishika kichwa kwa furaha. Alichokuja kukielewa ni kwamba miaka yote ile Abdulwahab alikuwa amesimama kando ya meza, kimya, na mgeni akimfokea. Hakuna aliyewahi kumwambia "karibu, ungependa kunywa nini?" kwa Kijerumani. Aliyoyasikia ni ya upande wa pili tu, na hayo aliyahifadhi yote, pamoja na lile la kupiga meza kwa kidole. Alipoinuka kwenye kiti akarudi kuwa yeye. Aliniokotea trei na kuniomba samahani mara tatu.

Tangu siku hiyo yeye ndiye akawa mgeni. Masila alinuna. Mwalimu alitumaini kwamba ulimi ukishafunguka utaanza kusema na ya weita, lakini haukusema. Tukafika Novemba tukiwa na mtu mmoja tu kwenye pwani yote ya kusini anayejua Kijerumani cha kukataa chakula na asiyejua cha kukileta.

Siku ya mtihani meneja alikaa kwenye meza ya tatu, Bwana Kitonga amesimama nyuma yake na faili, na Mwalimu Kavindu akaruhusiwa kukaa pembeni. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilipokea, nikashauri, nikamimina, nikamtakia hamu njema ya chakula. Meneja alisema Kijerumani changu hakina doa. Tukafuatana hivyo hadi akafika Abdulwahab, wa mwisho.

Aliinama. Akatabasamu. Meneja akangoja. Mwalimu Kavindu hakustahimili. Akasimama, akamwomba meneja kwa heshima zote wabadilishane nafasi, kwa kuwa huyu, alisema, hujifunza kwa namna yake. Meneja alikuwa mtu wa mzaha. Akainuka, akatundika kitambaa mkononi, akamvutia Abdulwahab kiti.

Supu, Abdulwahab akasema, imepoa. Supu yenyewe hakuna. Meneja akacheka, akaomba msamaha kwa niaba ya jiko.

"Nimengoja sana," Abdulwahab akasema.

"Muda gani, bwana mheshimiwa?"

"Miaka kumi na moja."

Meneja alicheka mpaka akajifuta macho kwa kile kitambaa. Sisi tuliojua tukaacha kucheka, maana miaka kumi na moja haikuwamo katika somo lolote.

"Na mheshimiwa anangoja nini?"

"Barua. Nataka kuonana na meneja."

"Meneja ni mimi."

"Vizuri," Abdulwahab akasema, akakunja mguu juu ya mguu. "Siondoki hapa mpaka iletwe."

Meneja akapiga makofi. Akamgeukia Kitonga, akamsifu sana mwigizaji huyu, akasema inatosha. Abdulwahab hakuinuka. Makofi yakaisha, na yeye bado amekaa.

"Mzee wangu, intavyuu imeisha bana," Kitonga akamwambia. "Si usimame, watu wana kazi."

Hapo ndipo nilipomwogopea. Niliona midomo yake ikicheza. Samahani ilikuwa mlangoni kabisa, na nilijua akisema neno moja tu la Kiswahili ataomba radhi, atainuka, na hatakaa tena maishani mwake. Akaimeza ile samahani. Akamwambia Kitonga kwa Kijerumani kwamba hazungumzi naye. Kitonga hakuelewa, akamtazama meneja, na meneja, ambaye sasa hakuwa akicheka, akamfasiria. Kisha akamuuliza barua gani hiyo, na Abdulwahab akaonyesha faili la Kitonga kwa kidole: barua ya kazi.

Mimi nilipewa glasi ya maji nimpelekee. Na nitasema nililolifanya, hata kama linanitia haya. Nilimwinamia nikamnong'oneza, "Kaka, inuka. Utatuharibia sisi tuliopita." Alinionyesha kwa kidole kwamba glasi ina doa.

Meneja akalichukua faili mkononi mwa Kitonga, akalifungua, akamuuliza barua iko wapi, kisha akamtuma akaichapishe. Barua iliyoshindikana miaka kumi na moja ilichapwa kwa dakika kumi na tano. Abdulwahab aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati karibu na moyo. Ndipo akainuka, akarudisha kiti mahali pake, akamwomba radhi meneja, akamwomba radhi Kitonga, akaniomba radhi mimi kwa lile la glasi, akauliza kama anaweza kwenda kuswali adhuhuri kabla haijampita.

Mwalimu Kavindu alilia, na mpaka leo anasimulia katika semina zote za Kwale kwamba ni ushindi wa njia ya kuigiza. Twaiba aliniletea sahani ya halua kunishukuru kwa kumshika mkono mumewe. Niliila.

Mimi nilirudishwa kazini siku ileile, alama za juu kuliko wote. Barua yangu, Bwana Kitonga anasema, iko kwa taipu.

Januari nilikwenda pale chekechea, nikamwomba Mwalimu aniweke na mimi kiti cha mgeni, mara moja tu. Alishangaa. "Wewe Jumwa? Sijapata kufundisha weita bora kukushinda." Nikasisitiza. Nikakaa, magoti juu. Mwalimu akaweka bakuli tupu mbele yangu, akasimama akingoja nilalamike. Nilivuta pumzi, nikakunja mguu kama nilivyomwona Kaka akikunja, nikafungua kinywa.

"Karibu sana," nikamwambia kwa Kijerumani kisicho na doa. "Ungependa kunywa nini?"