Simu Ndani ya Kapu

Dada yangu alipotoweka mchana kweupe, watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Usinihukumu bado. Nisikilize kwanza.

Dada alikuwa anafundisha viongozi wa mitaa. Watu wa kawaida tu: mama mshonaji, dereva, muuza mkaa, na mimi fundi bomba. Kazi hiyo aliifanya katika nchi nyingi, na kila alikokwenda alikuwa na mtihani mmoja wa mwisho.

Anatoka nje bila kuaga. Harudi. Mliobaki mnaendesha kikao wenyewe. Mmoja akimfuata au akiwasiliana naye, kikundi kizima kimefeli.

"Mtaa unaomtegemea mtu mmoja," alikuwa akisema, "siku akiondoka unarudi kulala."

Kwa hiyo alipotoka tukajua mambo yameiva. Makofi! Mshonaji akakalia kiti cha mwenyekiti, tukaanza kujadili mtaro wa maji machafu. Mtaa wetu na ugomvi ni chanda na pete, lakini siku hiyo hata muuza mkaa aliomba nafasi kabla ya kusema.

Mara simu ikalia kwenye kapu. Simu zetu zote huwekwa humo kikao kikianza. Nikachungulia. Ilikuwa yangu, na anayepiga ni Dada.

"Niipokee?"

"Thubutu!" dereva akaruka. "Anatupima huyo. Mtego huo!"

"Dada ana pumu, jamani."

"Kaka, hapa undugu tumeuacha mlangoni," Mshonaji akasema. "Tupige kura. Wanaotaka ipokelewe?"

Mkono wangu peke yake.

"Wasiotaka?"

Mikono yote iliyobaki ikapanda. Moyo ulikataa, ila nikakaa. Kikao kimeamua, bwana. Simu ikalia tena, kisha ikanyamaza.

Tulipoupitisha mpango wa mtaro watu wakakumbatiana. Nikaenda kuchukua mkoba ambao Dada aliuacha mezani, nimpelekee pamoja na habari njema. Ulikuwa wazi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa humo ndani.

Nilitoka mbio.

Alikuwa ameketi nje, chini ya dirisha letu, mgongo ukutani, simu mkononi. Midomo imebadilika rangi. Pumzi ya kuita hakuwa nayo. Nikampulizia dawa huku napiga kelele, watu wakaja.

"Nimesikia kura," akasema kwa taabu. "Mmefaulu."

Hakusema tena. Dereva aliendesha kama kichaa, lakini hospitali tulifikisha mwili.

Leo mtaro umechimbwa, maji yanapita. Kamati haigombani. Mimi sijakanyaga tena kikao chao.

Siku moja Mshonaji alinisimamisha njiani, macho yamejaa machozi. "Kaka, tulifuata utaratibu."

"Najua, mama," nikamjibu. "Ndiyo maana inauma."

Wafundishe watu kusimama bila wewe, ni kazi njema, na Dada aliifanya mpaka mwisho. Ila simu ya mtu wako ikilia, pokea. Usingoje kura.