Maandishi Yaliyonipanda Tumboni

Tabu zangu zilianza mwaka 1966 nikiwa na miaka tisa, baba alipofariki kule Muyama nikatolewa darasa la pili nikachunge mbuzi wa watu, lakini aibu yangu kubwa haikunipata kwa mbuzi, ilinipata nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na sita, ndani ya banda langu mwenyewe la video hapa Kasulu, Jumapili saa tisa mchana, limejaa. Naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia sokoni ikisimuliwa vibaya.

Banda langu halikuwa na viti vya maana. Lilikuwa na mdomo wangu. Nilisimama pembeni na kipaza sauti natafsiri filamu za Kichina na za Kihindi, na watu walilipita banda la jirani lenye feni wakaja kwangu, wakiamini nazijua lugha zote hizo (sikujua hata moja, nilitazama uso tu, mtu akikunja ndita nasema ana kisasi, akilia nasema kaibiwa ng'ombe). Mdomo huo ndio ulionilisha. Ukiharibika, banda limekufa.

Sasa deki yangu ikaanza kugoma. Nikanunua kompyuta na projekta, nikampelekea Shabani, fundi wa karibu na stendi, akaniwekea programu ya kuonyeshea video, ile yenye alama ya koni ya barabarani, rangi ya machungwa. Nikamuuliza bei.

"Hii hailipiwi, mzee wangu. Walioitengeneza wanaigawa bure, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua aone ilivyoundwa."

Hapo nilipaswa kushtuka. Kitu cha bure, kinachokubali kila filamu, hata iliyokatika nusu, hata ile ambayo deki iliitema, kina jambo lake. Na lawama yangu ndiyo hii: programu ile haina siri. Deki ilitoa picha na sauti, basi. Hii ikikuta kuna maandishi ndani ya filamu inayatoa yote hadharani, wala haikuulizi.

Jumapili hiyo nikaweka filamu ya Kichina niliyokwisha kuitafsiri mara tatu, safari hii ni nakala mpya ya Shabani, na chini ya picha yakaanza kupita maandishi meupe. Kusoma kwangu kulikuwa kwa kuungaunga, nikaona si Kiswahili, nikajiambia ni matangazo, nikaendelea. "Huyu mzee mwenye ndevu ndiye aliyemuua baba wa huyu kijana, na leo atakiona."

Benchi la nyuma mtu akacheka. Alikuwa Nestori, mwenye asili ya Burundi, aliyefundisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila kabla haijafungwa, siku hizi analima mihogo.

"Samahani, mzee," akasema. "Huyo mwenye ndevu ndiye baba yake. Imeandikwa hapo chini kwa Kifaransa."

Mwenye akili angesema ahsante. Mimi nikamjibu, "Hayo ni majina ya waliowapikia waigizaji, mwalimu. Wewe tazama picha." Watu wakacheka, nikaona nimeshinda, kumbe ndiyo kwanza nimejichimbia kaburi, maana tangu hapo kila nikisema neno wanageuka nyuma. "Ati mwalimu, kweli wanagombania shamba?" "Hapana, anamuuliza habari za mama yake."

Nikaenda kwenye kompyuta niyafute. Nikabonyeza kitufe, picha ikapanuka, waigizaji wote wakanenepa, nikabonyeza kingine, sauti ikapanda (sauti ya hiyo koni haiishii kwenye mia kama ya wenzake) mpaka mabati yakatetemeka, maandishi yapo. Mke wangu, Mama Editha, aliyekuwa mlangoni anakata tiketi, akanirushia kitenge. "Kafunike." Nikakitundika ukutani, projekta ikaandika juu ya kitenge. Basi kwa kiburi changu nikaenda kusimama pale mbele mwenyewe, na shati langu jeupe la kanisani, niyazibe kwa mwili.

Yakanipanda tumboni.

Mama mmoja wa benchi la mbele akasema taratibu, "Mwalimu, hebu tusomee hilo tumbo."

Nestori akaweka miwani sawa. "Linasema: Mwanangu, nisamehe, miaka yote hii nilikuwa nakudanganya."

Watu walilaliana kwa kicheko. Mimi nimesimama na mwanga machoni, naona vivuli vinainuka, nikajua wanaondoka na banda limekwisha. Nikasema, bila kipaza sauti, "Ego, ndiyo, ni kweli. Sijui Kichina. Sijui hata lugha moja ya hizi."

"Tunajua, mzee," yule mama akajibu. "Nani anajua Kichina hapa Kasulu? Kaa. Mwalimu akusomee, wewe useme."

Kumbe walikuwa wameinuka kumpisha Nestori apite mbele. Akakaa ubavuni kwangu akininong'oneza, mimi nikayatia mdomo, na yule mwenye ndevu alipokufa mikononi mwa mwanawe watu walilia. Sifichi: hadithi yenyewe ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Tangu siku hiyo sitafsiri nisichokijua, na walioitengeneza ile programu, popote walipo, nawashukuru kwa kuniumbua bure. Nestori alinifundisha kusoma, jioni kwa jioni, kwa hayohayo maandishi ya chini.

Leo nina nyumba ya bati ya vyumba vinne, heka tatu za mihogo Muyama, jenereta, projekta, kompyuta yenye koni, na nusu ya banda. Nusu nyingine ni ya Nestori. Tumeandikiana mkataba, na ile karatasi niliisoma mwenyewe kabla ya kusaini.