Fundi Aliyeondoka na Milango ya Makabati Yangu

Nilirudi nyumbani saa nne asubuhi nikamkuta mwanaume nisiyemjua jikoni kwangu, kapiga magoti, bisibisi mkononi, anang'oa milango ya makabati.

Mwingine angepiga kelele mji wetu wote wa Timaru, huku New Zealand, usikie.

Mimi niliweka mkoba mezani, nikavua koti.

"Samahani mama, nimeingia," akasema. "Uliniambia nikikuta kimya nisukume tu mlango. Mimi Tavita, fundi wa makabati. Wewe ndiye Noeline, siyo?"

Mimi ni Glenys. Noeline ni jirani yangu, anakaa nyumba ya nyuma, namba 16A. Mimi 16. Hata barua zake huanzia kwangu.

Nilipaswa kusema hapana. Lakini hapana ingetaka maelezo, na maneno yalikuwa yameniisha.

"Ndiyo," nikasema. "Chai?"

Ngoja niwaeleze nilivyokuwa.

Mume wangu Desmond alifariki mwezi wa nne. Tulikaa pamoja miaka thelathini na nne. Sikulia mazishini, na baadaye pia sikulia. Nilikuwa kama mkono ulioulalia: upo, ni wako, lakini ukiufinya hausikii kitu.

Watu wakanisifu. "Glenys jasiri jamani!"

Jasiri gani. Sikuwepo.

Basi nikabandika maji ya chai. Simu ya Tavita ikaita, akatoka kuongea, akarudi. Akasimama katikati ya jiko, anatazama ndani ya makabati yaliyo wazi. Anatazama tu.

Nikamwekea chai. Kikombe kilikuwa kimoja, kwa hiyo mimi sikunywa.

"Vyombo viko wapi, mama?"

"Nimevigawa kanisani."

"Vyote?"

"Vyote."

Akabandika namba kwenye milango, yote kumi na mitatu, akaipakia kwenye gari.

"Hii naipeleka karakana. Kesho saa mbili nakuja kupiga msasa fremu. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Niahidi. Sipendi kugonga mlango mtu hafungui."

Nikaahidi. Kuahidi ilikuwa rahisi kuliko kubishana.

Akaja kesho yake. Akaja na keshokutwa. Fundi mzito yule, we acha tu! Kona moja anaipiga msasa asubuhi nzima. Anapaka rangi ya kwanza, anasema isubiri ikauke, anakaa.

"Unataka rangi gani?"

"Yoyote."

"Yoyote sijawahi kuiona dukani. Chagua."

Nikaonyesha kidole kwenye kijani, ili aninyamazie.

Siku ya nne akaleta sahani ya panikeke, maandazi ya kwao Samoa, kapika mkewe Losa.

"Sahani naitaka kesho ikiwa tupu. Ukibakiza hata moja, Losa atanuna, na atakayelala njaa ni mimi."

Nikala. Sikusikia ladha, lakini nilikula. Nikaosha sahani. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya maana tangu mwezi wa nne.

Wiki ya pili, Noeline akaingia bila hodi.

"Glenys, sikia vituko! Fundi wangu wa makabati ananizungusha! Kila nikipiga simu, eti ana kazi ya dharura..."

Akamwona Tavita na brashi yake. Kupitia dirishani akalisoma jina la fundi wake kwenye gari.

"Ha! Dharura yenyewe ndiyo hii?"

Nikamgeukia Tavita. "Nilikudanganya. Mimi siyo Noeline."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza. Huyu alinipigia simu maji yako hayajachemka, ananiuliza nimepotelea wapi."

"Sasa milango yangu uliichukua ya nini?"

Akaweka brashi chini. Akajifuta mikono taratibu sana.

"Nilikuwa na kaka yangu, Ioane. Siku moja nikamtembelea, makabati yake meupe, hamna kitu, kikombe kimoja tu. Kagawa kila kitu. Nikamtania, 'Kaka, siku hizi umekuwa msafi!' Akacheka. Nikaenda zangu." "Wiki hiyohiyo tukamzika. Alijitoa uhai mwenyewe."

Akayatazama makabati yangu.

"Nilipoona makabati yako, sikujua niseme nini. Mimi fundi, sina maneno. Nikachukua milango, nipate sababu ya kurudi kesho."

Noeline akasahau makabati yake. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu hadi magoti yetu yakagusana.

Nilitaka kusema, "Umekosea, kaka."

Lakini alikuwa hajakosea. Ijumaa ya wiki ile aliyokuja mara ya kwanza, nilishaichagua iwe siku yangu ya mwisho. Sikuwa nimemwambia mtu.

Siwadanganyi kwamba nililia nikapona. Sikulia. Ila nilisema kwa sauti, mara ya kwanza, "Sitaki kuachwa peke yangu leo."

"Nani kasema utaachwa?" Noeline akanijibu.

Alilala kwangu wiki tatu. Tavita alinipeleka kwa daktari, akangoja kwenye gari. Bado naenda. Kuna siku ganzi inarudi, naisema, haikai sana.

Wewe unayesoma, ukiingia kwa mtu ukakuta kagawa vitu vyake vyote, usimsifie usafi. Muulize waziwazi. Ukikosa la kumwambia, usiondoke hivihivi. Acha koti, acha sahani, beba hata mlango wake.

Halafu kesho urudi kweli.