Samaki Asiyekula Watoto Wake

Sedekia alikuwa seremala wa serikali pale Mbeya, mtu mrefu wa maneno machache, aliyepanda kutoka Tukuyu akiwa kijana kutafuta kazi, akaipata, akabaki. Kazi yake ilikuwa milango, madirisha na mapaa ya nyumba za maofisa. Lakini mtaani watu walimjua zaidi kwa majeneza, kwa sababu aliyefiwa alimwendea yeye, naye hakuwahi kumrudisha mtu. Matatu kati ya majeneza hayo aliwatengenezea watoto wake mwenyewe.

Wa kwanza, Asukile, aliishi mpaka akaanza kukaa bila kushikwa. Wawili waliomfuata hawakupata hata majina. Baada ya yule wa tatu, mkewe, Sekela, alinyamaza. Hakulia wala hakugombana na mtu. Alipika, akafua, akapalilia viazi, kisha akaenda kuketi nje penye ukuta unaopigwa na jua, mikono mapajani, mpaka baridi imrudishe ndani. Zamani alimwita mumewe Baba Asukile. Sasa alimwita “wewe,” na siku nyingine hakumwita kabisa. Majirani nao walikwama. Hawakujua tena wamwite mama nani, wakawa wanamsalimu kwa haraka na kupita.

Sedekia alijaribu kila alilolijua. Alimpeleka hospitali, wakasema hana ugonjwa. Alimwomba mchungaji aje nyumbani. Mchungaji akaja, akaomba vizuri, akanywa chai, akaondoka. Sedekia alimnunulia mkewe kanga mpya, Sekela akaikunja na kuiweka sandukuni. Jioni Sedekia alirudi kutoka kazini na maneno aliyoyapanga njia nzima, na akifika mlangoni yakawa yamekwisha.

Mwaka 1955 Mzungu mmoja mpimaji wa ardhi alihamishwa, na Sedekia akatumwa nyumbani kwake kupigilia masanduku ya mizigo. Sebuleni palikuwa na tangi la vioo lenye fremu ya chuma, na chini yake taa ndogo ya mafuta ikiyapasha maji joto. Kioo kimoja kililigawa katikati. Upande huu waliogelea visamaki vya mkia mwekundu vilivyotoka ng’ambo. Upande ule walikuwamo samaki wawili wa buluu wenye mistari myeusi, waliovuliwa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema. Sedekia alikuwa akipiga msumari mmoja, anatazama, anapiga mwingine, anatazama tena.

“Unawataka?” Mzungu alimwuliza. “Mimi siwezi kusafiri nao.”

Sedekia hakuwa amefikiria kuwataka. “Nawataka, Bwana.”

“Basi chagua aina moja. Ukiwaachia wote pamoja, hawa wa buluu watawaua wenzao. Aina moja, dume na jike, watazaa huko huko kwako.”

“Ipi ni nzuri?”

Mzungu alifikiri. Wale wa mkia mwekundu, alisema, ni rahisi. Huzaa watoto wazima, wengi na mara nyingi, ila mama huwala asipotengwa nao mapema. Wale wa buluu ni wagumu. Wanapenda joto, na dume ni mgomvi. Lakini jike akitaga huyachukua mayai yake kinywani na kukaa nayo humo wiki kadhaa bila kula, mpaka watoto watoke wakiwa wanajua kuogelea. Wakitishwa, hurudi kinywani mwake kujificha.

Sedekia aliomba ruhusa akafikiri kwanza. Alipofika nyumbani alimkuta Sekela penye ukuta wake. Akaketi karibu naye, akamweleza habari yote, hata rangi za mikia, kwa kuwa hakuwa na jambo lingine la kumwambia.

Sekela alisikiliza bila kugeuka. Mwishowe akauliza, “Hao wa mkia mwekundu wanakula watoto kwa njaa, au kwa nini?”

“Sijui.”

“Na huyo wa buluu, hasahau akawameza?”

“Hilo sikuuliza.”

Jua lilikuwa limekwisha ondoka ukutani, lakini Sekela hakuinuka.

“Mlete huyo,” alisema.

Moyoni Sedekia aliwataka wale wekundu. Alifikiri mkewe akiona watoto wengi wakizaliwa mara kwa mara, hata kama wengine wangeliwa, kungebaki kitu cha kumfurahisha. Lakini Sekela hakuwa ameomba chochote tangu ule msiba wa mwisho, naye hakuthubutu kulipinga ombi hilo moja.

Akawaleta wa buluu. Majirani walijaa kutazama. Mama mmoja, Lea, aliinama mpaka pua ikagusa kioo. “Sasa hawa wanapikwa lini?”

“Hawapikwi,” Sekela alisema.

“Wa kutazama tu?”

“Wa kutazama.”

Lea aliwageukia wenzake, wakacheka, na Sedekia aliona mdomo wa mkewe nao ukisogea kidogo. Tangu siku hiyo Sekela aliacha ukuta. Alichota viluwiluwi vya mbu kwenye mapipa ya mvua akawalisha. Aliitia mafuta ile taa ndogo ya chini. Dume alipomfukuza jike huku na huku, alivunja chungu cha zamani akatumbukiza vigae, jike apate pa kujificha.

Asubuhi moja Sedekia akinoa patasi alisikia anaitwa.

“Baba Asukile, njoo uone.”

Alikuwa hajaitwa hivyo kwa muda mrefu, akaenda na patasi mkononi. Yule jike alikuwa kwenye kigae, kidevu kimevimba kama mtu aliyejaza uji mdomoni. Sekela alimtupia kiluwiluwi. Kilimpita karibu na jicho, naye hakukigusa.

“Ndaga,” Sekela alisema polepole, shukrani ya kwao, na Sedekia hakujua kama anamshukuru yeye, au samaki, au Mungu.

Kisha ikaja baridi ya Julai. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda, na upepo wa mlima ukapenya kila ufa. Taa ile haikutosha. Maji yakapoa, samaki wakalala chini bila kutikisika. Sedekia alimwita jirani, wakalibeba tangi kwenda jikoni karibu na moto. Walikwenda taratibu, hatua kwa hatua, lakini maji yaliyumba yakamwagika, na vile vigae vikagongana.

Kesho yake kidevu cha jike kilikuwa kimenywea.

“Labda amewatema,” Sedekia alisema. Waliondoa kigae kimoja kimoja. Waliyachunguza maji kwa muda mrefu. Hamkuwa na kitu.

“Amemeza,” Sekela alisema.

“Pengine ni mimi. Nilimtikisa.”

Sedekia alisimama akimngojea mkewe arudi kwenye ukuta wake. Lakini Sekela alichukua kopo akaenda kwenye mapipa kutafuta viluwiluwi. Alirudi akamlisha yule jike, naye akala kwa pupa kama mwenye njaa ya siku nyingi. Sekela alimtazama mpaka akashiba. Alichokuwa akikiwaza mkewe, Sedekia hakukijua.

Mwaka uliofuata Sedekia alihamishiwa Iringa. Sekela alikuwa mjamzito tena, mimba bado changa. Sedekia alimwendea msimamizi wake kuomba safari iahirishwe, akaambiwa gari la vifaa linaondoka na yeye ni sehemu ya vifaa. Msimamizi alisema hivyo kwa utani. Sedekia alirudi nyumbani akafunga mizigo.

Sekela alipata nafasi mbele kwa dereva. Sedekia alikaa nyuma juu ya mbao, amelikumbatia debe la samaki, blanketi limewafunika yeye na debe pamoja. Hadi Makambako mambo yalikuwa shwari. Sao Hill waliingia katika ukungu na mvua. Kila gurudumu lilipopiga shimo, yeye alimfikiria aliye mbele, kisha walio ndani ya debe, na wote hakuweza kuwapunguzia hata shimo moja. Walipofika Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, yule dume alikuwa akielea ubavu.

Ipogolo palikuwa na joto kuliko Mbeya, na Mto Ruaha Mdogo haukuwa mbali. Jirani yao alikuwa Severina, Mhehe, Mkatoliki, mama wa watoto wakubwa. Aliingia siku ya kwanza na kapu la mahindi mabichi. “Kamwene,” alisalimu, akatazama tumbo la Sekela, kisha tangi, wala hakuuliza juu ya lolote kati ya hayo mawili. Hilo lilimfanya Sekela ampende.

Sedekia alitafuta dume mwingine. Alizunguka mtoni na wavuvi, akaletewa perege na kambale.

“Tia perege humo,” Severina alimshauri. “Wakinona tutakula.”

“Watamwua.”

“Basi huyo atabaki mjane.”

Akabaki hivyo. Hata hivyo siku moja, mimba ya Sekela ikiwa imekua sana, Sedekia aliona kidevu cha jike kimevimba tena. Alimwita mkewe kwa sauti iliyomfanya Severina naye aje.

Sekela alifika akijishika kiuno. Alitazama kwa muda.

“Dume alikufa njiani,” alisema.

“Labda alikuwa amekwisha mwachia mbegu.”

“Tangu wakati ule? Hamna kitu mle, Baba Asukile. Anashikilia tu.”

“Nimtoe mayai, ale?”

“Mwache.”

Alichukua ile kanga ya sandukuni akalifunika tangi, mwanga usimsumbue. Kila siku Sedekia aliinua pindo akachungulia. Jike alizidi kukonda, kidevu kikiwa kimejaa vile vile.

Uchungu ulimjia Sekela mchana. Walimpandisha hospitali, wauguzi wakamwingiza, na Sedekia akaachwa kwenye benchi nje. Alikaa. Alisikia sauti ya mkewe mara moja, kisha hakuisikia tena. Baadaye akagundua kwamba mkono wake unapima ubao wa benchi kwa shubiri, kutoka ncha hadi ncha, kama anavyopima mbao akiletewa habari ya msiba. Akaukalia mkono huo. Severina alikuja na rozari yake, akaketi kando. Sedekia alijaribu kuomba, akapata maneno ya mwanzo tu: Bwana, wewe wajua.

Mtoto alilia kabla ya magharibi. Alikuwa msichana, mdogo, na muuguzi aliyemtoa alisema wangoje, wasifurahi bado.

Wakangoja. Waliporudi nyumbani walimkuta jike ametema. Mayai yalikuwa chini yameota ukungu, naye mwenyewe hakudumu baada ya hapo. Sedekia alimzika nyuma ya nyumba, na tangi akalitoa kwa misheni.

Mtoto alikaa muda mrefu bila jina. Alipoanza kutembea ndipo Sekela alipoanza kumwita Tusajigwe, yaani tumebarikiwa, kwanza kwa sauti ya chini, baadaye mbele ya watu. Siku aliyolisikia jina hilo, Severina alimwendea Sedekia penye meza yake ya useremala.

“Kwa huyu mlifanya nini ambacho hamkuwafanyia wale wengine?”

“Hakuna.”

“Lazima kipo kitu, seremala.”

“Mama Severina, ningekijua ningekifanya tangu kwa Asukile.”

Severina akaondoka. Sedekia aliinamia randa yake tena. Mtoto akikohoa ndani aliiweka chini, akaenda kusimama mlangoni, asiingie, mpaka kikohozi kipite. Kisha akarudi kazini.