Wadi Isiyo na Mvua

Nilikuwa mwalimu wa jiografia Ibra, shule ya wasichana, na mbele ya ubao sikuwa na mpinzani. Oman nzima niliichora bila kutazama kitabu: hapa pwani, hapa safu ya milima ya Hajar, hapa mchanga wa Sharqiyah, na kati yao wadi, mabonde makavu yanayogeuka mito mvua ikinyesha milimani. Wasichana walinakili. Mwalimu wao hakuwahi kuona hata wadi moja ikishuka, kwani miaka yangu ya mwanzo ilikuwa ya ukame. Na kwetu Unguja mvua hukunyea papo uliposimama, unalowa, unajua.

Mama alikaa Nizwa kwa kaka yangu, mwendo wa nusu siku kwa gari. Yeye ndiye mtu pekee niliyesema naye Kiswahili nikashiba. Ibra niliwaamkia watu kwa Kiarabu changu cha kitabuni, wakatabasamu kwa adabu, nikarudi chumbani kujisemesha mwenyewe. Lakini mama Nizwa hakuizoea. Alikuwa akikaa barazani, akitazama milima, ananiuliza, "Hebu niambie wewe msomi, bahari iko upande gani?" Nikimwonyesha, anatikisa kichwa. Mwisho akakata shauri kurudi Unguja kwa dada yake, na akataka twende sote. Nikamjibu vibaya. Nilimuuliza kuna nini huko cha kunirudisha, njaa? Akainuka, akaingia ndani. Nami nikarudi Ibra bila kumwomba radhi, na kwetu mtu hamwachi mzazi wake asafiri hivyo.

Safari yake ilikuwa Alkhamisi baada ya laasiri. Siku hiyo nilikodi gari la mzee mmoja wa Kibedui nimuwahi Nizwa, nimwombe radhi. Alikuja alfajiri, hata moto wa gari hakuzima.

"Yallah, abla," akaniambia kwa Kiarabu, yaani twende, mwalimu. "Wingu lipo juu ya mlima tangu jana. Wadi itatuwahi."

Nikatazama juu. Mbingu nyeupe pe. Nami nilitaka kumchukulia mama halua ya Ibra, na muuzaji hufungua saa mbili. "Mimi ndiye ninayefundisha mambo haya," nikamwambia, nikamalizia kwa Kiswahili, ambacho hakukijua: "Haraka haraka haina baraka." Mzee akazima moto, akakaa chini kungoja.

Tulipofika kwenye wadi, katikati ya njia, ilikuwa imekwisha shuka. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakibingirisha mawe na kuburuta mitende mizima, na juu yake jua linawaka, mbingu nyeupe vilevile. Watu waliokuwepo walituambia hata saa nzima haijatimia tangu yafike. Nikamgeukia mzee. Nilitamani anigombeze, roho yangu itulie. Alitandika mkeka, akachemsha kahawa.

Tulikaa pale siku mbili. Ile halua niliigawa kwa watu wa magari mengine, wakanisifu kwa ukarimu. Laasiri ya Alkhamisi niliswali kando ya maji, nikamwomba mama radhi kwa sauti, peke yangu kati ya mawe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; langu nilisikia likivunjika.

Nilifika Nizwa Jumamosi. Kaka alikuwa hajarudi kutoka Maskati alikompeleka mama, na chumba cha mama kimefagiliwa. Jirani, mwanamke wa Nizwa kwa asili, alitoka mbio aliponiona. Yeye na mama walikunywa kahawa pamoja miaka yote ile, kila mmoja na lugha yake. Akanishika mikono, akafumba macho kama mtoto anayesoma sura aliyohifadhi, akasema kwa Kiswahili:

"Mwanangu, nimekungoja. Radhi zangu unazo. Usilie."

Mama alimfundisha neno kwa neno huku gari likingoja mlangoni. Jirani hakuelewa ila hilo la radhi. Aliniambia siku mbili nzima alikuwa akiyarudia jikoni asije akayapoteza.

Mama alifariki Unguja kabla sijapata nafasi ya kwenda. Maneno yake ya mwisho kwangu niliyapokea kinywani mwa mtu asiyejua Kiswahili. Siku ile ya Nizwa nilimwomba ayaseme tena, akayasema. Nikamwomba tena, akayasema.