Mkono wa Shehe Sebri

Ushehe haukumwomba Sebri ruhusa. Kwetu Wayazidi ushehe ni wa damu: baba akifumba macho, mwana anaurithi, pamoja na familia zote zinazomtegemea. Sebri ulimkuta chini ya lori akilitengeneza, pale mjini kwetu Sharya, maana shehe naye hula kwa jasho lake. Tangu siku hiyo watu wakawa wanamfuata gereji kumbusu mkono.

"Bibi Bahar, ngoja ninawe kwanza! Utakula grisi!"

"Grisi ya shehe ni dawa," hujibu yule kikongwe, na mkono anaubusu vilevile.

Sebri aibu ilimla. Amefanya nini hata abusiwe? Marehemu baba yake alikuwa na neno la kumtuliza kila mtu. Yeye alijua injini tu.

Mwaka huo Hedla, mjukuu wa Bibi Bahar, akarudi. Alitekwa akiwa msichana mdogo, wakati wale mashetani wenye bendera nyeusi walipovamia vijiji vyetu. Bibi akampeleka Lalish, hekalu letu kuu, mbele ya Sebri, shehe wao, aoshwe kwa maji ya Chemchemi Nyeupe, kila mtu aone kuwa bado ni wetu.

Lalish haikanyagwi na viatu. Hedla akaketi nje ya lango na viatu vyake, akagoma.

"Vua, mwanangu," bibi akambembeleza.

"Sivui! Mnajua miguu hii imepita wapi? Nitawachafulia. Niacheni niende zangu ng'ambo, msinione tena."

Wanawake wawili wakaanza kunong'ona. Watu na midomo yao, hata mahali patakatifu! Bibi Bahar akamgeukia Sebri, machozi yakimlengalenga.

"Sema naye basi! Wewe si shehe?"

Sebri akalitafuta neno la baba yake, hakulipata. Akapiga magoti palepale mavumbini, akaushika mkono wa Hedla, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake, kama alivyozoea kufanyiwa yeye.

"Shehe! Unafanya nini?" mtu akamaka.

"Namkaribisha nyumbani. Kuna mwenye neno?"



Hedla akautazama mkono wake. Ulikuwa na alama nyeusi ya vidole.

"Umenipaka grisi," akasema.

"Pole, dada yangu. Hata mimi hainitoki."

"Dawa hiyo!" Bibi Bahar akadakia, analia na kucheka.

Hedla akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.