Mpiga Deki Hakuwa Kwenye Orodha

Sogea karibu, wewe uliyevaa sare mpya juzi, maana sauti yangu si ile ya zamani na jambo hili sitaki ulisikie nusu. Nataka kukueleza jinsi tulivyofundishwa kumhuisha mtu, yaani kumrudishia pumzi mgonjwa aliyeacha kupumua, katika miaka ile ya kwanza ya uhuru. Nikipandwa na hasira katikati, nivumilie. Imekaa kifuani muda mrefu na haijapoa.

Nilianza kazi katika hospitali ndogo upande wa Homa Bay. Jina lake naliacha. Nilikuwa nesi wa cheti, cheo cha chini kabisa kati ya wauguzi. Siku ya kwanza Sista Mkuu, mama wa Kizungu mwenye viatu visivyotoa sauti, alinitembeza wodini na kunipa sheria zake. Nesi hakimbii, kwa kuwa mbio hutisha wagonjwa. Mlango wa ofisi ukifungwa, unabisha mara moja, kisha unangoja. Na mpiga deki hamgusi mgonjwa kamwe.

"Umeelewa, Nerea?"

"Ndiyo, Sista."

Nilielewa, tena niliziona ni sheria nzuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mafunzo ya kuhuisha yalikuja mara moja kwa mwaka, ndani ya sanduku la mbao, juu ya Land Rover kutoka Kisumu. Sandukuni mlikuwa na sanamu la mpira: kichwa, shingo na kifua. Kabla ya hapo watu walifundishwa kumlaza mgonjwa kifudifudi, kumkandamiza mgongo na kumnyanyua viwiko, ili hewa itoke na kuingia. Sasa ilikuja njia ya kupuliza mdomo kwa mdomo, iliyo bora zaidi. Unamlaza chali, unainua kidevu ili ulimi usizibe koo, unabana pua, unapuliza huku ukitazama kifua. Kikiinuka, hewa imeingia. Kisipoinuka, rekebisha kichwa upulize tena.

Mkono haujifunzi kwa kutazama. Lakini sisi tulijifunza kwa orodha, na orodha ilifuata vyeo. Alianza daktari, akaja msaidizi wake, Sista Mkuu, kisha manesi wakubwa mmoja mmoja. Zamu yetu sisi wadogo ikikaribia, wingu lilikuwa limeshasimama juu ya ziwa, na mwalimu alikuwa akifunga sanduku asije akakwama kwenye matope. Tulinakili hatua kwenye madaftari. Ungeniuliza ningekuimbia zote bila kukosea, na sikuwahi kupuliza hata mara moja.

Wapiga deki hawakuwemo kabisa. Mama Wilkista, aliyesafisha wodi ya wazazi, ndiye aliyebeba lile sanduku kichwani kutoka kwenye gari hadi ukumbini. Ndiye aliyepangusa midomo ya sanamu kwa spiriti kila mtu alipomaliza kupuliza. Kazi yake iliishia hapo.

Asubuhi moja tulikuwa ofisini tukisikiliza ripoti ya zamu, mlango umefungwa. Wodini alikuwepo Anyango, mama kijana aliyevuka kutoka kisiwa cha Mfangano, na mtoto wake wa siku mbili, mdogo mno, aliyezaliwa kabla ya wakati. Mama Wilkista alikuwa akipiga deki kando ya kitanda chao. Akaona midomo ya mtoto imekuwa ya buluu. Akainama, akasikiliza. Kimya.

Akaiacha ndoo katikati ya njia, akatembea. Ndiyo, alitembea, maana hatukimbii. Akabisha mara moja, akasimama. Nilimwona kupitia kioo cha mlango. Sista naye alimwona, akainua kiganja: ngoja. Nesi aliyekuwa akisoma akaendelea kusoma. Sikuinuka. Niseme hivyo hivyo: mimi nilimwona mama yule amesimama akingoja, na sikuinuka.

Tulipofungua mlango, alisema neno moja tu, "Nyathi," yaani mtoto, na hapo ndipo watu wote walipokimbia. Nilimwinua mtoto kichwa chini, nikampiga nyayo. Sista akaitisha beseni mbili, ya maji moto na ya baridi, ili tumtumbukize huku na huku ashtuke, kama ilivyokuwa desturi. Beseni zilipofika hazikuwa na kazi tena.

Anyango hakulia kwanza. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Mlikuwa mnasoma nini huko ndani?"

Tulikuwa tunasoma kwamba katika wodi ya wazazi wote ni wazima.

Unadhani kilichofuata ni nini? Kitabuni iliandikwa kwamba mtoto alikuwa dhaifu. Mama Wilkista akapewa barua ya onyo kwa kuacha ndoo njiani, mahali ambapo mtu angeweza kujikwaa. Nilimkuta nyuma ya chumba cha dobi, barua iko mkononi.

"Nyar Karungu," akaniambia, yaani binti wa Karungu, maana alipenda kuniita kwa jina la kwetu, "ile sanamu nimeipangusa mdomo miaka minne. Mahali pa kupuliza nilipajua. Niliogopa mkono wangu mwenyewe."

Siku ile nilielewa kitu ambacho sikufundishwa na daktari yeyote: pumzi haikatiki mbele ya mwenye cheo. Inakatika mbele ya aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ameshika deki au sinia ya uji.

Basi mimi na Mama Wilkista tukatengeneza sanamu letu. Kichwa kilikuwa agwata, kibuyu cha kunywea maji, tulichokitoboa mdomo na pua. Ndani tukapitisha mrija wa mpira hadi kwenye kibofu cha kandanda kuukuu, tukakishonea ndani ya gunia kikawa kifua. Ukipuliza vizuri bila kusahau kubana pua, gunia linainuka. Tulimwita Mzee Agwata. Saa ya kuanika mashuka nilikusanya wapiga deki, dobi na mpishi wetu, Ogola.

"Mimi nibusu hiyo kibuyu?" Ogola akarudi nyuma. "Bibi yangu akisikia?"

"Agwata hana meno," Mama Wilkista akamjibu. "Wewe ndiye utamuuma. Piga magoti, omera, ndugu yangu, kuna mtu anakufa hapa!"

Tulicheka, lakini walijifunza. Niliwaeleza, kutoka daftari langu, kwamba kwa mtoto mchanga kichwa hakirudishwi nyuma sana, kinalazwa sawa. Mdomo wako unafunika mdomo na pua yake pamoja. Na pumzi ni ile ya mashavu tu, kidogo kidogo, usije ukapasua mapafu yake. Mama Wilkista alinishinda mimi mwalimu. Pumzi yake ilikuwa laini kama ya mtu anayepuliza vumbi kwenye yai.

Sista alitukuta wiki ya tatu. "Unawafundisha wafagiaji udaktari?"

"Ninawafundisha kupuliza, Sista."

"Hawako kwenye orodha."

"Hata kifo hakiko kwenye orodha, Sista, na kinaingia bila kubisha hodi."

Nilihamishwa mwezi huo huo. Nilipelekwa kituo cha afya upande wa Migori, ambako wachimba dhahabu wa Masara waliletwa wakiwa na vumbi la mashimo kinywani. Msimamizi wa pale alikuwa Mwafrika mwenzangu, nikafurahi. Nilidhani bendera ikibadilika, orodha nayo itabadilika. Akafungua droo, akanionyesha yake. Daktari juu, wapiga deki hawapo. Nilitaka kuichana.

Nilikuwa bado huko Mama Wilkista aliposhuka kwenye basi siku moja mbele ya kituo, amefunga barua ndani ya kitambaa. Alinipa nisome. Ilikuwa barua ya onyo, ya pili: ameacha tena ndoo katikati ya njia.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Yule? Ananyonya." Akaketi, akavua viatu. "Safari hii sikubisha mlango."

Alimpuliza mtoto mpaka akalia, na wakubwa wakatoka ofisini kwa kilio hicho. Mtoto hakuandikwa popote. Ndoo iliandikwa.

Nimestaafu. Siku hizi masanamu ni mazuri na wakufunzi ni wengi, na nikialikwa kutazama mafunzo moyo wangu hufurahi, mpaka ninapoona orodha ukutani. Bado inaanza juu, na wapiga deki bado wanabeba masanduku. Hapo hasira yangu inarudi mbichi, naiona ndoo, na kile kiganja kilichosema ngoja.

Lakini wewe una miguu, na una zamu. Kesho ukifika wodini, kabla hujafungua kitabu cha ripoti, mtafute anayepiga deki. Mchukue hadi kwenye sanamu, mweke mbele ya foleni, apulize mpaka kifua kiinuke. Wewe simama nyuma yake, ungoje zamu yako.